Matundu ya Hewa ya Moto

Kila Kahangwa alipoiacha kompyuta ikitengeneza video ya harusi akaenda kula, alirudi na kuikuta imezimika kwa joto. Alishabadilisha pasta ya kupoozea kadi ya michoro, akaongeza feni mbili, akatoboa hata dari. Wapi!

Leo, kwa hasira, aliacha ndizi zikifuka moshi sahanini akarudi mbio chumbani.

Chini ya meza, ungo wa kahawa ulikuwa umeyaziba matundu ya kompyuta ya kutolea hewa ya moto. Akaokota punje moja. Mvua ilikuwa na wiki ya tatu Kamachumu, lakini punje ile ilikuwa kavu kabisa, ikalia kati ya meno yake.

"Mama!"

Mama yake alikwisha kufika mlangoni na ungo wa pili.

"Usizime, mwanangu. Majirani nao wameleta kahawa yao."