Mlinzi wa Chumba cha Nungunungu

Zamani wanyama walipoanza kujenga nyumba zenye milango, Nungunungu alipanda bangi chumbani kwake. Alifunga madirisha yote ili majirani wasinuse, akaitegemea ile miche kuliko shamba lake zima la mihogo.

Asubuhi moja aliona majani yana vidoa vya manjano na utando mwembamba. Moyo ukamlipuka. Akaangaza macho kotekote, akamwona Buibui kwenye pembe ya dari.

"Wewe! Kumbe ndiye unayeniharibia mimea!"

"Mimi, mzee?" Buibui akashangaa. "Utando huo si wangu. Hebu geuza jani utazame chini yake. Kuna utitiri, wadogo kama vumbi. Hao ndio chakula changu."

Nungunungu akageuza jani. Utitiri mmoja mnene akamwamkia, "Shikamoo, babu! Sisi wanyonge tunaweza nini? Penye utando, nani asiyemjua mfumaji?"

Shikamoo ile ilimlainisha Nungunungu. Akachukua ufagio, akamtupa Buibui nje, kisha akamfanya yule Utitiri mlinzi wa chumba.

Baada ya wiki mbili utando ulitanda kama chandarua, na majani yote yakapukutika. Nungunungu akasimama katikati ya vijiti vikavu, machozi yakimlengalenga.

"Mlinzi! Buibui amerudi?"

"Hajakanyaga hapa, babu," Utitiri akajibu huku akijifuta mdomo.

"Afadhali," Nungunungu akashusha pumzi. "Angekuwapo yule, sijui leo ningebaki na nini!"