Mama Inuka

"Inuka! Wewe, inuka!" Wariara alipaza sauti kwa mara ya saba, mikono juu, leso ikimponyoka kichwani. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakaangua kicheko kama walivyoelekezwa.

"Kata!" alisema Levis.

Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, na alikuwa ameiota miaka mingi. Filamu ya kuchekesha kuhusu watu wa kijiji cha Kabazi waliopenda sinema hadi Jumamosi ng'ombe wakakosa wa kuwakama, kila mtu akiwa kwenye kibanda cha video cha marehemu baba yake. Kulikuwa na kinyozi aliyetembea kama stelingi, yule shujaa wa sinema, na mzee wa kanisa aliyeingilia mlango wa nyuma. Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa Mama Inuka, mwanamke aliyezungumza na maiti za kwenye skrini.

Wiki ya kwanza upepo uling'oa mabati ya kibanda walichojenga. Wiki ya pili jenereta ikaharibika. Sasa Wariara, mwigizaji wa Mama Inuka ambaye watu wangelipa kiingilio kwa sababu yake, alikuwa anaigiza kama mgonjwa.

Alimfuata Levis nyuma ya kamera.

"Yule mathe wa benchi ya mbele, wa sweta ya kijani. Ni nani?"

"Ni mtu wa hapa tu. Tulimchukua akae na wengine."

"Levis, usinifanye mjinga. Nikipiga kelele, na yeye anasema na mimi. Polepole. Kila neno."

Levis aliangalia viatu vyake. Alikuwa amemtambua tangu Jumatatu, na tangu Jumatatu alikuwa akitoa maagizo akiwa amejificha nyuma ya mitambo.

"Ndiye yeye, Mama Inuka mwenyewe," alisema hatimaye.

"Na umemweka hapo acheke?"

Wariara alivua leso, akamwekea mkononi, akaenda zake kwenye gari.

Levis aliwaambia wengine waende wakale. Alibaki amesimama na ile leso, akikumbuka mambo ambayo hakuyaandika kwenye filamu.

Enzi za kibanda cha baba yake alikuwa na miaka kumi na tisa, na yeye ndiye aliyeendesha mashine ya video. Filamu yenyewe ilikuwa ya vita, ile ambayo wazungu walikuja kuipigia kule Kariandusi. Baada ya mapigano, stelingi anapopita katikati ya maiti, Mama Cheptanui, huyu wa sweta ya kijani, alikuwa akisimama na kuita, "Inuka!" Hapo Levis alisimamisha kanda, akawasha taa, akauliza, "Haya mathe, ameinuka?" Kibanda kizima kilicheka hadi machozi. Kisha aliipeleka kanda mbele, sehemu nyingine ya vita. Mama Cheptanui aliketi, akarudi Jumamosi iliyofuata na kuuliza mlangoni, "Leo ni ile ya Kariandusi?" Ikiwa siyo, alirudi nyumbani.

Mwishowe Levis akaanza kuandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LEO MAMA INUKA YUKO. Watu walikuja hata kutoka Subukia.

Sasa Levis alitembea hadi kwenye benchi ya mbele, ambako yule mama alikuwa amebaki.

"Mama Cheptanui. Habari yako?"

"Mzuri, kijana wa Nderitu. Umekuwa mnene."

"Mama, kuna kitu sijakuambia. Yule anayeigizwa hapa..."

"Ni mimi. Nilijua siku ya kwanza."

Uso wa Levis uliwaka kwa aibu. "Naomba unisamehe. Si ya leo tu. Hata zile za zamani. Nilikuwa nawafanya watu wakucheke."

"Mlicheka sana," alisema yule mama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Levis zaidi.

"Sasa kama ulijua, mbona umekuja siku zote hizi?"

"Nilisikia sokoni uko na ile kanda."

Kanda ilikuwepo, ndani ya katoni ya vifaa vya kuigizia. Levis alikuwa ameitoa kwa mamake kule Kiamunyi ili kamera ionyeshe lile jalada lililochakaa. Mashine nayo aliinunua mjini Nakuru kwa fundi mmoja, ikifanya kazi. Levis aliiunganisha na televisheni, akakosea waya mara mbili.

"Usisimamishe," alisema Mama Cheptanui.

Levis akamwekea rimoti mapajani.

Picha ilikuja na mistari. Moshi, milio ya bunduki, wanajeshi wakianguka mmoja mmoja kwenye vumbi jeupe. Kisha kimya, na stelingi akaanza kupita taratibu katikati ya maiti, kofia mkononi. Levis alijikuta ameshika ukingo wa benchi. Miaka ishirini na kitu, na hakuwahi kuiacha kanda ipite hapo.

Mama Cheptanui hakusimama. Alivua miwani, akaipangusa kwa sweta, akaivaa tena.

"Inuka," alisema, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwingine asubuhi.

Stelingi akapita, akatoka kwenye picha. Kamera ikabaki kidogo juu ya wale waliolala. Kwenye pembe ya kushoto, mwanajeshi mmoja kijana aliinua kichwa, akidhani kazi imeisha. Akajifuta vumbi machoni, akamtabasamia mtu aliyekuwa kando ya kamera.

"Hapo ni mimi ananiona, nimemletea chai," alisema Mama Cheptanui. "Ni marehemu baba Cheptanui. Picha yake nyingine sina."