Digrii Ishirini na Tatu

Fundi wa vyumba vya baridi alikuwa akifunga kipimajoto kipya kwenye ghala la samaki alipoona kina safu mbili za namba. Upande mmoja kilisoma hasi tano. Upande wa pili, ishirini na tatu.

“Hiki kibovu,” alimwambia bibi stoo.

“Kibovu wewe! Hiyo ni Farenhaiti. Ziko nchi wanapima hivyo. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa.”

Fundi akapiga hesabu kwa kidole kwenye ukungu wa mlango. Hasi tano, ile ile.

Bisibisi ikamdondoka. Mkewe, aliyekuwa akifanya kazi ng’ambo mwaka wa pili huo, alimpigia simu juzi tu. “Asubuhi huku ni ishirini na tatu, baba watoto. Nitumie ile sweta yangu.”

Naye alicheka. “Ishirini na tatu nayo ni baridi? Acha kudeka!”

Ukweli ni kwamba hakutaka kuitoa. Sweta ilikuwa bado na harufu ya shingo ya mkewe, nayo ndiyo iliyokuwa mto wake.

Akavua koti, akaingia ghalani, akahesabu hadi mia. Alipotoka hakuweza kukunja vidole.

Jioni alikuwa posta, kifurushi mkononi. Karani alikivuta upande wake wa dirisha. Hakikwenda.

“Mzee,” karani alisema taratibu, “sasa achia.”