Mlango wa Karatasi

Mlango wa nyumba ya Mwanakheri, kama milango yote ya mji ule, ulikuwa haufunguki mpaka anayetaka kutoka auonyeshe kitu cha karatasi kinachocheza, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuuonyesha mlango wowote mjini. Kaa wake wa kufumba na kufumbua magando alimchukua siku tatu kumkunja, na unga ulikuwa umekwisha jana. Alipomsogeza mbele ya jicho la mlango, likasema kwa upole, "Huyu tumeshamwona."

Akamgeukia mumewe. "Shebe! Umemwonyesha nani kaa wangu?"

"Jirani tu. Nilimpelekea picha na mikunjo yake yote. Kizuri kula na mwenzio, mke wangu."

"Basi mwenzio ameshatoka, sisi tumo humu."

Zilibaki karatasi mbili. Ya kwanza ilimchanikia mkononi. Ya mwisho aliikunja polepole, akatoa kimlango: ukivuta kimkia chake cha karatasi kinafunguka, ukiachia kinajifunga. Maisha yake yote hakuwahi kukunja kitu kizuri hivyo.

Jicho likakitazama kwa muda mrefu.

"Mlango," likasema. "Nyumba mia mbili na sita zimetuletea huu huu tangu asubuhi."