Mshiriki Namba Saba

"Mkunga mmoja aliniambia," Leokadia aliwasomea wauguzi wenzake utafiti wake wa shahada ya pili, "'mama akinyamaza ghafla katikati ya uchungu, mtoto yuko njiani; mimi hukimbilia kunawa mikono.'" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nyuma kabisa, mkunga Skolastika alijawa wivu. Maneno yalikuwa yake. Ndiye aliyemfundisha binti huyu, Leokadia, kuzalisha. Nafasi ya masomo ilipotoka, akachaguliwa binti.

"Umeniandika Mshiriki Namba Saba," alimwambia mlangoni, nakala ya utafiti mkononi.

"Sista, utafiti hauruhusu majina."

"Lako mbona liko kwenye jalada?"

Kabla hajajibiwa, mama aliyekuwa akilia kwa uchungu katika wodi ya jirani akanyamaza ghafla. Wote wawili wakakimbilia bomba moja tu lililokuwapo. Skolastika akafika kwanza, akanawa huku ametanua viwiko, mwenzake asipate pa kupenya.