Ushirika Ulio Hai

Efrazia alimpokonya Gregori kijiko.

"Subiri, mwanangu. Hapa kwetu hatuli mmoja mmoja."

Gregori akameza mate. Tangu alfajiri alikuwa akisukuma baiskeli kupanda mlima wa Vugiri, na sasa sinia la makande lilikuwa linafuka moshi chini ya pua yake. Lakini njaa haikuwa ndiyo shida yake kubwa. Shida yake kubwa ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katika mfuko wa shati.

Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, na kila ofisi ilitaka mfano wa kuonyesha. Bwana mkubwa wake katika ofisi ya ushirika kule Korogwe alikuwa amesema wazi: kesho saa nne asubuhi aione mezani fomu ya ushirika mmoja ulio hai. Mmoja tu. La sivyo, barua ya kumhamishia Gregori Kigoma ilikuwa tayari, imebaki kugongwa mhuri. Na mama yake Justa, mchumba wa Gregori, naye alikuwa amesema wazi, tena kwa kidole: "Binti yangu haendi kuolewa Kigoma."

Wiki mbili nzima Gregori alikuwa amezunguka bondeni kuutafuta huo mmoja. Kijiji cha kwanza, ofisi ya ushirika walikuwa wanafugia kuku. Cha pili, mwenyekiti na katibu hawasalimiani. Cha tatu walimwambia ushirika upo, ila umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo kahamia Tanga. Palibaki hapa tu.

Majirani wawili wakaingia, wakanawa, wakakaa. Efrazia akarudisha kijiko. Gregori akapiga ishara ya msalaba kama alivyofundishwa na mapadri kabla ya komunyo yake ya kwanza, ila mbiombio, mithili ya mtu anayefukuza nzi, kisha akayavamia makande.

Mzee Habakuki, mume wa Efrazia, alimwona, akatabasamu.

"Mzee," Gregori akasema mdomo umejaa, "nimetumwa na wakubwa wa Korogwe. Ushirika hapa mnao?"

"Tunao, mwanangu! Tutakosaje?"

"Ulio hai?"

Mzee akacheka mpaka meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Uliokufa tungeufanyia nini?"

Gregori nusura apaliwe. Akafuta mikono kwenye suruali, akakunjua fomu, akatoa peni.

"Washirika wangapi?"

"Themanini na wawili. Na vijana kumi wapo kwenye mafundisho, wanajiandaa."

"Na mafunzo mnatoa! Mnakutana mara ngapi?"

"Kila wiki. Hata masika ile iliyochukua daraja hatukukosa."

"Kiingilio?"

"Kililipwa zamani, na mtu mmoja, kwa ajili yetu sote."

Mfadhili, Gregori akaandika.

"Mnagawanaje?"

"Sawasawa. Mwenye shamba kubwa na asiye na hata jembe, kipimo kile kile. Hakuna anayeongezwa."

Ujamaa wenyewe ndio huu! Gregori alitamani kupanda juu ya kinu acheze.

"Na watu wakigombana?"

Mzee akaelekeza kijiko kwa wale majirani. "Hawa unaowaona waligombania mpaka wa shamba mwaka mzima. Hawakupewa kitu, hata mmoja wao, mpaka siku waliposhikana mikono. Leo waangalie."

Majirani wakacheka kwa haya. Mmoja akamsogezea mwenzake upande wenye maharage mengi.

"Ulianzishwa wapi?"

"Ghorofani. Jioni, watu kumi na watatu, wanakula pamoja kama sisi hivi."

Gregori akaandika Tanga, maana Korogwe ghorofa zilikuwa za kuhesabu. "Na mweka hazina wa kwanza?"

Mzee akashusha pumzi. "Huyo aliondoka mapema, wenzake bado wamekaa mezani. Hakurudi."

Gregori akatikisa kichwa kwa uchungu wa kazi. Wote ndio walewale. Katika miaka yake mitano ya utumishi, mweka hazina aliyekaa mpaka kikao kikafungwa hajapata kumwona.

"Na ushirika haukufa?"

"Hapo ndipo ulipoanza, mwanangu."

Safi! Safi kabisa! Kichwani mwa Gregori, Justa alikwisha kuvaa gauni jeupe, matarumbeta yalikuwa yanalia kutoka stesheni hadi sokoni, na mama mkwe mwenyewe alikuwa anacheza mbele. Hakuwahi kula makande matamu namna hii. Alikuwa amebakiza mstari mmoja tu, wa chini kabisa: mwanzilishi, kazi yake, na kama yu hai au amefariki.

"La mwisho, mzee, kisha nisikusumbue tena. Huyo mwanzilishi wenu, jina lake nani?"

Kijiko cha Mzee Habakuki kikasimama hewani. Efrazia akageuka kutoka jikoni. Majirani wakaacha kutafuna.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, kwa huruma kabisa, "ulipopiga msalaba pale, ulikuwa unamshukuru nani?"

Gregori akaitazama fomu. Ilikuwa moja tu, na wino ulishakauka. Akafikiria Kigoma. Akamfikiria Justa. Kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni, kikamtikisa mabega, na huku machozi yakimtoka akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: *Seremala. Yu hai.*