Puto Chini ya Sponji

Nyuma ya pazia, Mzee Shomvi aliguna kwa maumivu. Njia yake ya mkojo ilikuwa imeziba, na sasa mpira wa kutolea mkojo ulipaswa kupitishwa tumboni, chini ya kitovu.

Upande wa pili wa pazia, Daktari Lukumbo alimsogezea mwanafunzi wake, Tausi, beseni lenye puto la maji, mfano wa kibofu, lililofunikwa kwa sponji. Wiki nzima Tausi alikuwa akilichoma bila kukosa.

"Mara ya mwisho, kisha uende kwa mzee."

Tausi alipima kwa vidole, akachoma sindano nyembamba, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena. Kavu. Alishika sindano nene ya kupitishia mpira, akaitazama, kisha akairudisha kwenye trei.

"Siendelei, Daktari. Sijui kuna nini huko chini. Nimefeli?"

Lukumbo alifunua sponji. Puto lilikuwa limesinyaa, halina hata tone, na juu yake daktari alikuwa ametandaza utumbo wa mbuzi, ambao sasa ulijaa matundu.

"Wenzako wote wameutoboa kwa sindano nene; wewe peke yako umesimama," alisema. "Kanawe mikono."

Tausi alinawa, akafungua pazia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, nakufa."

Tausi aliweka kiganja juu ya tumbo lililovimba, akakiacha hapo, akikitafuta kibofu kwanza.